Barabara Ni Moja, Hodi Ni Nyingi: Vibali vya Kupiga Filamu Katika Mji Mdogo

Video za namna hii hazikosekani mtandaoni. Vijana wanne, kamera moja, mwanga wa jioni umekaa vizuri, halafu anatokea askari na kuuliza, "Kibali kiko wapi?" Kabla video haijafika mbali, watu wameshagawanyika. Hawa wanasema barabara ni ya umma na kila mtu anatembea na kamera kwenye simu, kwa hiyo hakuna cha kuomba. Wale wanasema huwezi kupiga filamu popote bila ruhusa ya serikali, basi. Anajitokeza wa tatu, mwenye barua ya mamlaka ya filamu ya taifa mfukoni, akilalamika kwamba hata yeye alifukuzwa.

Wote watatu wameshika kipande cha ukweli. Kinachowapoteza ni neno lenyewe, "kibali". Tunalitamka kana kwamba ni karatasi moja inayotoka katika ofisi moja, ukishaipata umemaliza. Hakuna karatasi kama hiyo. Kuna rundo la ruhusa ndogondogo zenye wenyewe tofauti, na kazi ya prodyuza ni kujua zipi zinamhusu.

Tutenganishe maneno matatu kwanza. Leseni au usajili ni ruhusa ya kufanya kazi ya filamu katika nchi fulani. Si kila nchi inayo, na inapokuwepo mara nyingi hutolewa na chombo cha taifa, ambacho wakati mwingine hutaka kusoma muswada wa filamu kabla ya kuidhinisha. Kibali cha lokesheni ni ruhusa ya kutumia eneo hili, siku hii, saa hizi, kwa shughuli hii. Ridhaa ni neno la mtu mwenyewe: mwenye nyumba, mwenye duka, mtu ambaye sura yake itaonekana kwenye skrini.

Fikiria gari. Leseni ya udereva inakuruhusu kuendesha nchi nzima. Haikupi haki ya kuegesha kwenye ua wa jirani, wala ya kuchukua gari la shemeji bila kumwambia. Yule wa tatu aliyefukuzwa akiwa na barua ya taifa alikuwa anamwonyesha mwenye ua leseni ya udereva. Leseni ni halali kabisa, ila si hiyo aliyoulizwa.

Kuona si kukalia

Hoja ya "mahali pa umma" ina mzizi wa kweli. Katika nchi nyingi mtu anayeruhusiwa kusimama barabarani na kutazama anaruhusiwa pia kurekodi anachokiona, japo zipo zinazobana zaidi, hasa karibu na kambi za jeshi, viwanja vya ndege, mahakama na magereza. Ugumu unaanza pale shughuli yako inapoacha kutazama mahali na kuanza kupakalia. Ukitandaza nyaya njiani, ukaweka taa kwenye stendi, ukawaambia wapita njia wasubiri kidogo, umechukua kitu cha wote na kukifanya chako kwa muda. Hicho ndicho kinachoombewa kibali.

Kanuni za jiji la New York zinaonyesha mpaka huu vizuri. Anayetumia kamera ya mkononi, au kamera iliyo juu ya miguu mitatu, bila kudai eneo liwe lake peke yake, hahitaji kibali cha jiji. Akitaka kufunga njia ya waenda kwa miguu au kutengewa maegesho, anahitaji. Aina ya kamera haina uzito mkubwa hapo, na anayedhani simu itampitisha popote kwa sababu "si kamera" atashangaa. Watu ishirini wakiwa na simu moja na kinasa sauti kwenye ufito mrefu ni kikosi cha filamu. Mtu mmoja mwenye kamera ya thamani kubwa anayepita akirekodi maduka anaweza asimsumbue yeyote.

Sheria za hifadhi za taifa za Marekani nazo zimesogea upande huohuo. Sheria ya mwaka 2000 iliuliza hasa kama upigaji picha ni wa kibiashara: anayepiga filamu ya kuuza aombe kibali na alipe. Januari 2025 sheria mpya ilianza kutumika, na vikundi visivyozidi watu 5 vikaondolewa kwenye kuomba na kulipa, wauze wasiuze, mradi wasidai eneo, wasiharibu kitu na wasiwazuie wageni wengine. Swali limehama kutoka "utapata faida?" kwenda "utachukua nafasi kiasi gani?" Binafsi naona swali hili la pili ndilo la haki. Si kila nchi imefika huko, kwa hiyo usilibebe kama utetezi mbele ya askari wa mji mwingine.

Nani mwenye mahali

Ukishajua kwamba utakalia mahali, linafuata swali ambalo wanaoanza kazi hii hulipita mbio: mahali hapa ni pa nani? Mjini kila futi ina mwenyewe, na mipaka haionekani kwa macho. Barabara kuu inayopita katikati ya mji inaweza kuwa ya wakala wa barabara wa taifa, huku vichochoro vinavyoingia humo vikiwa vya halmashauri. Kituo cha mabasi kinaweza kuwa cha halmashauri lakini kikaendeshwa na mkandarasi. Ukingo wa mto una mamlaka ya maji. Ngazi za jengo la kale zina idara ya mambo ya kale. Mnaweza kuweka kamera upande mmoja wa barabara na mwigizaji upande wa pili, mkawa mnahitaji hodi mbili kwa shoti moja, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, ya sekunde kumi.

Ruhusa ya mmoja haigusi cha mwingine, na anayeona huu ni urasimu mtupu akumbuke tarehe 20 Februari 2014. Siku hiyo, katika Kaunti ya Wayne, jimbo la Georgia nchini Marekani, kikosi cha filamu kilipanda daraja la reli juu ya mto Altamaha na kuweka kitanda cha chuma juu ya reli kwa ajili ya tukio. Ruhusa walikuwa nayo, lakini ya kampuni iliyomiliki ardhi ya kando ya reli. Kampuni ya reli yenyewe ilikuwa imewakatalia kwa maandishi. Treni ya mizigo ikaja wakiwa darajani. Sarah Jones, msaidizi wa kamera mwenye umri wa miaka 27, akafa, na wenzake kadhaa wakajeruhiwa. Mwaka 2015 mwongozaji alikiri mahakamani makosa ya kuua bila kukusudia na kuingia eneo bila ruhusa, akaenda jela. Karatasi iliyokosekana ndiyo ingewaambia treni zinapita saa ngapi, na ingemweka pale mfanyakazi wa reli wa kuzisimamisha. Kibali cha maana hubeba taarifa na watu wa usalama, hakibebi mhuri peke yake.

Mji mdogo hauna dirisha la filamu

Majiji yenye mazoea ya filamu yametengeneza dirisha moja. New York ilifungua ofisi yake ya filamu mwaka 1966, wakati wa meya John Lindsay, hasa kwa sababu maprodyuza walikuwa wamechoka kuzunguka idara moja baada ya nyingine wakikusanya ruhusa. Los Angeles kazi hiyo imekabidhiwa FilmLA, shirika lisilo la faida, si idara ya serikali.

Mji mdogo wa leo ni New York ya kabla ya 1966. Hakuna mlango ulioandikwa "filamu". Anayeshughulika nawe anaweza kuwa karani wa mji, afisa utamaduni, afisa utalii, mhandisi wa barabara au yule anayetoa vibali vya mikutano na maandamano. Wakati mwingine fomu utakayopewa ni ileile ya sherehe za barabarani, na utajaza sehemu ya "jina la sherehe" kwa jina la filamu yako. Usicheke. Kwa halmashauri mambo haya mawili yanafanana sana: watu wengi, magari, kelele, nyaya za umeme na takataka.

Faida ya udogo ni kwamba idara zote hizo mara nyingi zipo katika korido moja, na watu wake wanajuana. Asubuhi moja inaweza kukuonesha mhandisi, mkuu wa zimamoto na afisa wa masoko, jambo ambalo jiji kubwa lingekuchukulia wiki. Hasara yake ni kwamba huenda hakuna aliyewahi kutoa kibali cha aina hii, na afisa asiye na mfano wa kufuata ana njia rahisi ya kujilinda: kutojibu. Anayekaa kimya hivyo si lazima anangoja kitu kidogo. Mara nyingi anaogopa kusaini jambo asilolielewa. Tiba yake ni kumpa jambo linaloeleweka.

Hapo ndipo barua nyingi za maombi huanguka. Zinaeleza hadithi: filamu inahusu binti anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi, itautangaza mji wetu, itaibua vipaji. Vizuri, ila mhandisi wa barabara hana la kufanya na binti. Anataka kujua ni barabara gani, kutoka kona ipi hadi kona ipi, tarehe gani, saa ngapi hadi saa ngapi, watu wangapi, magari mangapi yataegeshwa wapi, jenereta itakaa upande gani. Je, barabara itafungwa kabisa au mtawasimamisha watu dakika mbilimbili kati ya shoti na shoti? Kuna moshi, moto, mvua ya bandia, wanyama, milio, kazi ya usiku? Nani atashika simu siku hiyo, na je, ataipokea? Ikinyesha, tarehe ya akiba ni ipi? Ukurasa mmoja, na mchoro wa eneo hata kama umechorwa kwa kalamu, hufanya kazi kuliko kurasa kumi za wasifu wa kampuni. "Tutasimamisha magari mara nne, kila mara si zaidi ya dakika tatu, kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi" ni sentensi ambayo afisa anaweza kuikubali, kuikataa au kuipunguza. "Tunaomba ushirikiano wenu" haimpi pa kushika.

Peleka ombi mapema kuliko unavyodhani. Ofisi yenye dirisha la filamu inaweza kushughulikia jambo jepesi kwa siku chache. Mji mdogo unaweza kuhitaji kikao cha madiwani ili kufunga barabara, na kikao kina ratiba yake. Uliza swali hilo siku ya kwanza, kabla hujamlipa mwigizaji yeyote malipo ya awali.

Bima, polisi na anga

Ofisi nyingi zitakuuliza bima, na hapa watu huelewana vibaya. Unasema kamera zangu zina bima. Wao hawajauliza kamera. Wanataka bima ya dhima kwa watu wengine: stendi ya taa ikimwangukia mpita njia, lori lenu likigonga nguzo, nani atalipa? Baadhi watataka jina la halmashauri liongezwe kwenye hati hiyo, ili halmashauri ikishtakiwa kwa ajali mliyoisababisha bima iilinde nayo pia. Kuongeza jina huhitaji kwenda na kurudi na kampuni ya bima, kwa hiyo si kazi ya jioni ya mwisho. Amana ni kitu kingine: fedha mnayoiacha na kurudishiwa mkiliacha eneo kama mlivyolikuta.

Polisi wanahitaji kujua hata pale kibali cha eneo kimeshatoka, na kwa silaha za bandia hili halina mjadala. Kamera yenye lenzi ndefu inaweza kuwa imesimama mbali sana na mwigizaji. Anayechungulia dirishani haoni kamera, haoni taa, haoni mwongozaji. Anaona mtu mwenye bunduki anakimbia. Anapiga simu, na askari wanaofika hawakuwa kwenye kikao chako na mkuu wa kituo wiki iliyopita. Ndiyo maana taarifa haitoshi kumfikia mkuu wa kituo. Lazima imfikie anayepokea simu za dharura zamu hiyo, na majirani wote wanaoona eneo, na mnapokuwa kazini askari mmoja asimame pale akiwa na redio. Ukiambiwa "msijali, tunajua", omba kujua ni nani anayejua.

Droni, au ndege nyuki, ina wenyewe wawili. Anga ina mamlaka ya usafiri wa anga. Ardhi unayorushia ina mwenyewe. Meya hawezi kukuruhusu kupaa juu ya njia ya ndege, na mamlaka ya anga haiwezi kukuruhusu kurushia kutoka paa la mtu. Katika Umoja wa Ulaya na Marekani kikomo cha kawaida cha kupaa ni mita 120 hivi kutoka ardhini, na gramu 250 ni uzito unaotajwa sana kama mstari ambapo masharti huanza kukaza. Mstari huo umewadanganya wengi. Nchini Marekani, ukirusha kwa ajili ya kazi, hata droni nyepesi kuliko hapo lazima isajiliwe, na rubani awe na cheti.

Kikosi kinachotoka nje ya nchi kina mambo mawili zaidi: ruhusa ya watu wake kufanya kazi, na ya vifaa kuvuka forodha. Kwa vifaa kuna hati ya kimataifa iitwayo ATA Carnet, inayotokana na mkataba wa mwaka 1961, ambayo katika nchi zinazoitambua huruhusu kamera ziingie kwa muda bila kulipiwa ushuru kama bidhaa.

Vitu ambavyo kibali hakivigusi

Mmepata kibali cha barabara. Kwenye fremu kuna picha kubwa iliyochorwa ukutani, duka lenye nembo yake, mzee aliyekaa barazani, na wimbo unaotoka kwenye spika ya kinyozi. Halmashauri haijakupa hata kimoja kati ya hivyo. Mchoro una msanii wake, wimbo una watunzi na kampuni, mzee ana sura yake.

Ubishi mkubwa uko kwenye majengo na sanaa za nje. Ujerumani inaruhusu kwa upana kupiga picha kazi zilizowekwa kwa kudumu kwenye njia za umma na kuzitumia hata kibiashara. Ufaransa imebana zaidi. Mnara wa Eiffel wa mwaka 1889 ni huru mchana, kwa kuwa Gustave Eiffel alifariki 1923 na muda wa ulinzi wa kazi yake ulikwisha. Usiku mambo hubadilika: mwanga uliowekwa mwaka 1985 na Pierre Bideau unachukuliwa kuwa kazi ya sanaa yenye haki zake, na anayeupiga picha kibiashara anatakiwa kuomba. Mnara uleule, saa tofauti, hodi tofauti.

Sasa ule ushauri unaopendwa sana kazini: piga kwanza, omba msamaha baadaye. Nakiri kwamba mara nyingi siku hiyohiyo hakitokei kitu. Bili huja baadaye. Televisheni au msambazaji anayetaka kununua filamu huuliza ridhaa za lokesheni na za watu wanaoonekana, na kampuni inayokatia filamu bima dhidi ya madai ya haki huuliza hayohayo. Hapo ndipo unarudi mjini miezi minane baadaye kumtafuta mwenye duka ambaye ameshauza na kuhama, ili asaini kwamba alikubali jambo ambalo hukumwuliza. Ridhaa siku ya kupiga ingekuwa karatasi moja na salamu.

Na wanafunzi? Miji mingi huwapunguzia ada au kuwasamehe kabisa, na ni vizuri wafanye hivyo. Kusamehewa ada hakumaanishi kusamehewa kibali. Waya wa mwanafunzi unamkwaza mpita njia sawasawa na waya wa studio.

Siku yenyewe ikifika, chapisha nakala. Barua iliyo kwenye simu ya prodyuza aliyekwenda kuchukua chakula haimsaidii mpiga picha anayezungumza na askari kwenye kona. Kila mkuu wa idara abebe yake, ikiwa na mhuri, tarehe, saa na namba ya aliyesaini, na soma saa zilizoandikwa. Kibali cha mpaka saa 12 jioni kinakwisha saa 12 jioni, hata kama mwanga ndio kwanza umekuwa mzuri. Kuongezewa nusu saa kwa simu kunawezekana ikiwa unayempigia alishakuona ukitimiza uliyoandika. Usipige saa 12 na dakika 20.

Majirani wapelekewe notisi siku chache kabla, mlango kwa mlango, ikitaja saa za kelele na namba ya kupiga. Mwenye duka ambaye mlango wake utazibwa asubuhi nzima aonwe ana kwa ana, na azungumziwe fidia kabla hajaidai. Mkimaliza, afisa atapita kabla ya kuidhinisha amana irudi. Nyaya na taa hamtazisahau kwa sababu ni ghali. Kinachobaki nyuma ni vile vipande vya tepu ya rangi mlivyobandika chini kuwaonesha waigizaji pa kusimama, kwa hiyo mtu mmoja apewe kazi ya kuvihesabu asubuhi vinapobandikwa.